MBWA MSAIDIZI: AMCHUKUE AU ASIMCHUKUE?

Somo la kupima hoja

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Shika kalamu na karatasi, kwani ukurasa huu ni wa somo wala si wa vichekesho. Katika midahalo yetu huwa tunamsikia mtu akisimama na kunguruma, "Naunga mkono hoja!" hata kabla hajaielewa hoja yenyewe. Leo tujifunze kulipima jambo kwanza, kisha ndipo tuamue. Jambo nililolichagua linatoka mbali, nchini Marekani, lakini linamhusu mnyama tunayemjua sote. Isitoshe, linamhusu binadamu ambaye kesho anaweza kuwa mimi au wewe. Si wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika?

Swali letu ni hili: Mtu mwenye ulemavu wa viungo, pengine anayetumia kiti cha magurudumu au magongo, anaambiwa kwamba anaweza kupata mbwa aliyefunzwa kumsaidia. Je, amchukue au asimchukue?

Najua kuna atakayecheka. Kwetu mbwa ni wa kulala nje na kubweka usiku. Akitajwa, wengi wetu hukumbuka vile vibao vya langoni vilivyoandikwa "Mbwa Kali", ambavyo kila mwalimu wa sarufi hutamani kuvisahihisha viwe "Mbwa Mkali". Lakini mbwa wa leo si wa kung'ata mtu. Huyu ana kazi nyingine kabisa.

TUANZE NA MANENO

Kwa kuwa sisi ni chama cha Kiswahili, tusiruke maneno. Lugha yetu ina maneno ya zamani kama kiwete, kipofu na kiziwi. Maneno haya yana kiambishi cha vitu, KI-, ingawa husarifiwa kama watu: twasema "kipofu anatembea" wala si "kipofu kinatembea". Siku hizi wengi hupendelea kusema "mtu mwenye ulemavu" au "mtu anayeishi na ulemavu". Sababu yake ni kwamba neno "mtu" linatangulia, na ulemavu unafuata kama jambo moja tu kati ya mengi aliyo nayo mtu huyo. Tafadhali liweke hilo akilini, maana ndilo litakalotuongoza hadi mwisho wa somo.

Mbwa naye nitamwita mbwa msaidizi. Huyu si mbwa wa kufugwa kwa mapenzi tu, wala si mbwa wa kumliwaza mtu mwenye huzuni. Ni mbwa aliyefunzwa kazi maalum zinazohusiana na ulemavu wa yule anayeishi naye. Pasipo kazi, hakuna mbwa msaidizi.

HUFANYA KAZI GANI?

Kalamu ikianguka chini, wewe na mimi huinama tukaiokota. Kwa mtu ambaye mgongo wake haupindi au ambaye mikono haifiki sakafuni, kalamu hiyo imekwenda. Atangoje mtu apite. Mbwa msaidizi huiokota kwa mdomo na kuiweka mkononi au mapajani mwake. Huokota funguo, simu, hata sarafu.

Aidha, hufungua mlango kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye kitasa. Huwasha na kuzima taa kwa pua au kwa mguu wa mbele. Huleta simu mtu akianguka, au hubweka ili watu waje. Wengine huvuta soksi na koti hadi zivuke. Wako pia wakubwa wenye nguvu ambao huvaa mkanda wa kifuani wenye mshikio mgumu, na mtu hushika hapo ili asipepesuke anapotembea. Kazi hii ya mwisho haimfai kila mbwa, kwani mbwa mdogo akibebeshwa uzito wa mtu mzima ataumia viungo vyake mwenyewe.

Wanaochaguliwa mara nyingi ni wa aina ya Labrador na Golden Retriever, ama machotara wa aina hizo mbili. Hawa ni wapole, hupenda kushika vitu mdomoni, na hufurahia kazi.

ALIANZA LINI?

Mbwa wa kuwaongoza wasioona walitangulia. Shule za kuwafunza zilianza Ujerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa ajili ya askari waliopoteza macho. Marekani ilipata shule yake, The Seeing Eye, mwaka 1929. Lakini watu wenye ulemavu wa viungo walingoja muda mrefu zaidi. Ilikuwa mwaka 1975, mjini Santa Rosa katika jimbo la California, mwalimu mmoja aitwaye Bonnie Bergin alipoanzisha shirika la Canine Companions kwa ajili yao. Huko Asia alikosafiri, alikuwa amewaona watu wenye ulemavu wakitumia punda katika shughuli zao. Akajiuliza: ikiwa punda aweza, mbwa je?

Sheria nayo ilifuata. Mwaka 1990 Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria ya Wamarekani wenye ulemavu, iliyokataza kubaguliwa kwao kazini na mahali pa umma. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2011, mnyama msaidizi ni mbwa tu, ingawa farasi wa kimo kifupi waliwekewa kifungu chao. Mwenye duka au hoteli asiyeelewa anaruhusiwa kuuliza maswali mawili pekee: Je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefunzwa kufanya kazi gani? Hana ruhusa ya kudai hati, kuuliza habari za ugonjwa, wala kutaka mbwa aonyeshe ujuzi wake pale pale. Hata hivyo, mbwa akivuruga mambo na mwenyewe asimtulize, au akichafua sakafu, anaweza kutolewa nje. Haki ipo, na wajibu upo.

KISA CHA MICHIGAN

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Katika jimbo la Michigan kulikuwa na msichana mdogo, Ehlena Fry, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, yaani hali inayoufanya ubongo ushindwe kuongoza misuli ipasavyo. Mwaka 2009, akiwa na miaka 5, alipata mbwa aliyeitwa Wonder. Wonder alimwokotea vitu, alimfungulia milango, alimwashia taa, alimsaidia kuvua koti, na alisimama imara ili asiyumbe anapotumia kiunzi chake cha kutembelea au anapokwenda msalani.

Wazazi walipoomba Wonder aingie naye darasa la chekechea, shule ilikataa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, nasi tuisikilize: mtoto tayari amewekewa mtu mzima wa kumsaidia siku nzima, mbwa wa nini tena? Baadaye shule ilikubali kujaribu kwa miezi michache, lakini Wonder alitakiwa akae nyuma ya chumba, na shughuli nyingine asiruhusiwe kabisa. Wazazi wakamwondoa mtoto, wakamfundisha nyumbani, wakapeleka malalamiko serikalini.

Mwaka 2012 ofisi ya haki za raia katika wizara ya elimu ya Marekani iliwaunga mkono. Ilitoa mfano ambao mimi naona unafaa kuandikwa ubaoni: kumlazimisha mtoto huyo atumie mtu badala ya mbwa wake ni sawa na kumwambia mwanafunzi wa kiti cha magurudumu aache kiti chake abebwe, au kumwambia asiyeona aache fimbo yake ashikwe mkono na mwalimu. Msaada ataupata, ndiyo. Lakini uhuru wake je?

Familia ilimpeleka Ehlena shule nyingine iliyompokea yeye na Wonder kwa furaha, kisha ikafungua mashtaka. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 22 Februari 2017, majaji wote wanane waliosikiliza walikubaliana kuipa familia nafuu, katika uamuzi ulioandikwa na Jaji Elena Kagan. Tuwe waangalifu hapa: mahakama haikusema kwamba shule ina hatia. Ilisema kwamba anayelalamikia ubaguzi, wala si upungufu wa elimu maalum, halazimiki kupitia kwanza taratibu zote za elimu maalum kabla ya kwenda mahakamani. Kesi ikarudishwa chini ikachunguzwe kwa mizani hiyo.

Kisa hiki kinatufunza nini? Kwamba mtu aweza kusaidiwa kwa kila kitu na bado asiwe na jambo hata moja alilolifanya mwenyewe. Mtoto anayemwamuru mbwa wake "Okota!" amefanya jambo. Mtoto anayeokotewa bila kuulizwa amefanyiwa.

SASA TUPIME

Ukisoma hadi hapa utasema, "Basi amchukue! Tumemaliza." La hasha! Hatujaweka kitu kwenye sahani ya pili ya mizani. Yapo maswali sita ambayo mtu anayefikiria jambo hili yampasa ajiulize kwa makini.

Kwanza: Kazi ni ipi? Asianze na mbwa, aanze na siku yake. Aandike tangu anapoamka hadi anapolala: ni wapi nakwama? Ni mlango? Ni vitu vinavyoanguka? Ni kuinuka kitini? Orodha ikiwa na mambo ambayo mbwa anayaweza, na yanatokea mara nyingi, hapo kuna hoja. Orodha ikiwa tupu, yaani anachotaka ni mwenzi wa kumchangamsha, basi mbwa wa kawaida anamtosha.

Pili: Je, kuna njia nyepesi zaidi? Kifimbo chenye kibano mwishoni huokota funguo vizuri tu, na hakili nyama. Kiti cha magurudumu chenye mota hakihitaji kuvutwa na mbwa. Kitasa cha kusukuma kwa kiwiko kimewafungulia wengi milango. Ikiwa vifaa viwili vitatu vitamaliza taabu, ya nini kumtwisha kazi kiumbe hai? Lakini kifaa hakimfuati mtu kikajua kwamba ameanguka bafuni. Hapo mbwa ana ushindi wake.

Tatu: Nani atamtunza mtunzaji? Mbwa hula, hunywa, huugua, huchanwa manyoya, hutolewa nje kujisaidia asubuhi na jioni, mvua ikinyesha au theluji ikianguka. Hutaka kucheza na kutembea. Siku ambayo mwenyewe ana maumivu hawezi kutoka kitandani, mbwa hajui kwamba leo ni likizo. Kwa hiyo pawe na mtu wa kusaidia siku kama hizo, naye awe ameulizwa na kukubali. Mtoto mdogo naye, kwa kawaida, huhitaji mtu mzima wa kumsimamia mbwa.

Watu wa nyumbani pia wasikilizwe. Yuko anayeugua pumu kwa manyoya. Wapo Waislamu wa madhehebu ya Shafi ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Twajua methali isemayo kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Lakini mwaka 2008, mjini Leicester huko Uingereza, msikiti mmoja ulimruhusu kijana asiyeona aje na mbwa wake wa kumwongoza, mbwa akatengewa mahali pa kungojea, mbali na mahali pa kusalia. Watu walikaa, wakazungumza, wakapata njia. Jambo hili halitatuliwi kwa kupigiana kelele.

Nne: Pesa na subira zipo? Kumfunza mbwa mmoja hugharimu maelfu mengi ya dola. Baadhi ya mashirika, kama lile la Santa Rosa, hayamtozi anayepewa mbwa. Wafadhili ndio hulipa. Lakini foleni ni ndefu, na kungoja mwaka mmoja, miwili au zaidi si ajabu. Mbwa mwenyewe hulelewa na watu wa kujitolea hadi afikishe kama mwaka mmoja na nusu, kisha hufunzwa na wataalamu kwa miezi sita au zaidi. Wengi hawafuzu, maana hata mbwa wana mitihani yao! Na akishafika nyumbani, chakula na daktari wa mifugo ni juu ya mwenyewe. Sheria ya Marekani humruhusu mtu kumfunza mbwa wake mwenyewe, ila hiyo ni kazi ya miaka, na mbwa anaweza kushindwa baada ya jasho lote hilo.

Tano: Atayavumilia macho ya watu? Mwenye mbwa msaidizi hapiti sokoni kimyakimya. Watoto watataka kumshika mbwa, watu wazima wataanza hadithi za mbwa wao, na mlinzi wa mlangoni atauliza yale maswali mawili kila siku ya Mungu. Isitoshe, wako wadanganyifu wanaomvisha mbwa wa nyumbani koti la kununua ili aingie naye dukani, na matokeo yake wenye haki hutiliwa shaka. Kuna watu ambao mbwa huwapunguzia upweke, kwani waliokuwa wakikwepa kuwatazama sasa huwasalimu. Wengine hawataki kabisa kutazamwa. Wote wana haki.

Sita: Mwisho wake je? Mbwa huanza kazi akiwa na miaka kama 2, na hustaafu akikaribia 10. Hebu tufanye hesabu ndogo. Mtu akimpata mbwa wa kwanza akiwa na miaka 18, na kila mbwa akifanya kazi miaka 8, basi atakapofika miaka 58 atakuwa amemaliza mbwa watano. Maana yake ni kuagana mara tano na rafiki aliyejua kila udhaifu wako, na kuanza upya na mgeni. Hili halisemwi mara nyingi, ila lipo, na wengine husema lawatosha kukataa.

NANI AAMUE?

Hapa ndipo naweka msimamo wangu, kama inavyotakiwa katika mdahalo. Mimi siungi mkono "amchukue", wala siungi mkono "asimchukue". Naunga mkono kwamba aamue yeye mwenyewe, baada ya kuyajibu maswali yale sita. Daktari ashauri, wazazi waseme, mwalimu aseme, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto akiwa mdogo, wazazi watamwamulia. Hata hivyo wamuulize.

Yako majibu mawili ambayo hayapaswi kuwekwa kwenye mizani kamwe. La kwanza ni huruma: "Maskini, mpeni mbwa." Huruma haifungui mlango wala haiokoti kalamu. La pili ni aibu: "Akichukua mbwa ataonekana hajiwezi." Mbona anayevaa miwani haambiwi hajiwezi? Kujitegemea si kufanya kila kitu kwa mikono yako miwili. Kujitegemea ni kuchagua mwenyewe unasaidiwaje, na nani, na lini.

NA KWETU JE?

Huenda mwenzangu ukasema, "Haya ni ya Wamarekani." Mbwa labda, lakini swali ni letu. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kufika shuleni na mahali pa umma, na ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Mara nyingi kikwazo si mguu wa mtu bali ngazi tatu za maktaba zisizo na mteremko pembeni.

Kwa hivyo, ukimwona mwenzako anahangaika na mlango, usimrukie ukashika kiti chake ukaanza kusukuma kama mkokoteni. Simama, umsalimu, umuulize: "Nikusaidie? Nikusaidieje?" Akisema hapana, ni hapana. Akisema ndiyo, fanya alilosema, si ulilodhani. Hata mbwa msaidizi hungoja aambiwe.

Haya, kwaherini hadi toleo lijalo, Mungu akipenda.

MSAMIATI

Kiunzi – fremu au umbo la fimbo zilizounganishwa ili kushikilia kitu au mtu.
Chotara – mzawa wa wazazi wa aina mbili tofauti.
Kupepesuka – kuyumbayumba kama anayetaka kuanguka.
Kubagua – kumtenga mtu au kumnyima haki kwa sababu ya hali yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti kati ya mbwa msaidizi na mbwa wa kufugwa kwa mapenzi.
2. Shule ya Michigan ilikuwa na hoja gani? Ijibu hoja hiyo kwa maneno yako mwenyewe.
3. Kati ya maswali sita, ni lipi lililo zito zaidi kwako? Toa sababu mbili.
4. Sahihisha: "Mbwa yangu imeokota funguo yako, kisha ikakipa kiwete kile."
5. Zunguka shule yetu ukiwa na kalamu na karatasi. Andika kila mahali ambapo mwanafunzi wa kiti cha magurudumu hangeweza kufika peke yake. Lete orodha yako katika mkutano wa chama.